Kabla mtoto hajapigwa eksirei ya meno, mzazi aulize haya

Msichana wa miaka 11 alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki ya meno, bado amevaa sare ya shule, huku mama yake ameshika bahasha kubwa ya kaki. Walikuwa wamekwenda kuanza matibabu ya kuwekewa waya, kwa sababu meno ya mbele ya juu yamepandana na mtoto ameanza kuziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka. Kabla hata hawajamwona daktari, mhudumu wa mapokezi aliwaelekeza: "Mama, anzeni chumba cha picha, halafu mtarudi hapa."

Ndani ya bahasha ile kulikuwa na picha ya taya zima iliyopigwa wiki tano tu zilizopita katika kliniki nyingine. Mama akasita. Jioni iliyotangulia nyumbani kulikuwa na mabishano. Bibi alisema eksirei za mara kwa mara zitamharibia mjukuu wake uzazi. Baba akajibu kwamba hizo ni hofu za zamani, kama daktari anataka picha basi mtoto apigwe, mradi fedha ipo. Mama hakujua amuunge mkono nani.

Mabishano ya namna hiyo yako katika nyumba nyingi zenye watoto wanaobadilisha meno. Kila upande una kitu cha kweli na kitu kilichozidishwa. Eksirei ya meno ina mionzi, lakini ni kidogo. Ni kidogo, lakini haipaswi kutolewa bila sababu. Mzazi anayeelewa mambo hayo mawili kwa pamoja ndiye anayeweza kumsaidia mtoto wake na daktari pia.

Ni mionzi kiasi gani?

Kila mtu duniani hupokea mionzi kila siku bila kuingia hospitali. Inatoka ardhini, kwenye mawe, angani na hata kwenye chakula. Kwa wastani wa dunia, mionzi hiyo ya asili ni kama milisivati 2.4 kwa mwaka. Sivati ni kipimo kinachotumika kukadiria athari ya mionzi mwilini, kama kilo inavyotumika kupima uzito. Milisivati moja ina maikrosivati 1,000, hivyo mtu hupokea karibu maikrosivati 6 au 7 kwa siku akiwa anaendelea na shughuli zake.

Picha moja ndogo ya meno, ile ambayo mtoto hung'ata kifaa kidogo mdomoni, kwa kawaida ni maikrosivati chache tu, yaani karibu na mionzi ya asili ya siku moja. Picha ya taya zima, ambayo kliniki nyingi huiita OPG na mashine yake huzunguka kichwa, mara nyingi haifiki maikrosivati 25, ambazo ni sawa na mionzi ya asili ya siku tatu au nne. Picha ya kichwa kwa upande, inayotumiwa na wataalamu wa kupanga meno, huwa chini ya hapo.

Hesabu hiyo inajibu hofu ya bibi. Miale ya mashine ya meno huelekezwa mdomoni, na kinachofika kwenye nyonga na viungo vya uzazi ni kidogo mno, karibu na sifuri. Ugumba unaotokana na mionzi huhitaji kipimo kikubwa sana kinachofika kwenye viungo hivyo moja kwa moja, kama katika baadhi ya matibabu ya saratani. Vilevile, mionzi ya eksirei haibaki mwilini. Kitufe kikiachiwa, miale imekwisha, kama mwanga wa tochi iliyozimwa. Mtoto hatoki na mionzi ya kumwambukiza mdogo wake, na hakuna haja ya kumnywesha maziwa "kuisafisha," kwa sababu hakuna kilichobaki cha kusafishwa.

Kwa nini basi kuwa na tahadhari?

Somo la tahadhari lilipatikana kwa gharama kubwa. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale hii nchini Ujerumani Novemba 1895. Wiki chache baadaye, Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff alipiga picha ya meno yake mwenyewe na ikambidi akae kwenye miale kwa dakika 25. Huko New Orleans, Marekani, daktari wa meno C. Edmund Kells alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia eksirei kwa wagonjwa. Kwa miaka mingi alitumia mkono wake mwenyewe kurekebisha mashine. Vidole vikaanza kuharibika, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, akapoteza vidole na hatimaye mkono. Alifariki mwaka 1928. Leo picha ile iliyomchukua Walkhoff dakika 25 hupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde moja.

Kwa vipimo vidogo kama vya leo, wasiwasi mkubwa ni ongezeko dogo sana la uwezekano wa kupata saratani miaka mingi baadaye. Kwa mtu mmoja na picha moja, ongezeko hilo ni dogo kiasi kwamba haliwezi kupimwa. Hata hivyo, wataalamu wa kinga ya mionzi huchukulia kwamba kila kipimo huongeza kidogo, na vidogo hujumlishana.

Mtoto ana sababu zake za kuangaliwa zaidi. Seli zake zinagawanyika kwa kasi kwa kuwa anakua. Ana miaka mingi mbele yake, ambayo athari inaweza kujitokeza. Kichwa chake ni kidogo, hivyo tezi ya shingo iko karibu na eneo linalopigwa picha, na tezi hiyo kwa watoto huathirika na mionzi kwa urahisi zaidi kuliko ya mtu mzima. Tena, mtoto wa waya hapigwi picha moja. Matibabu yanaweza kuchukua miaka miwili, na picha zinaweza kuhitajika mwanzoni, katikati na mwishoni.

Ndiyo maana kanuni inayofuatwa duniani ina sehemu mbili. Kwanza, picha ipigwe pale tu ambapo faida yake kwa mtoto huyo inazidi madhara yake. Pili, ikipigwa, itumie mionzi kidogo kadiri inavyowezekana bila kuharibu ubora. Picha hafifu isiyosomeka haimlindi mtoto, kwa sababu itarudiwa.

Daktari aangalie mdomo kwanza

Kosa katika kisa cha yule msichana lilianzia mapokezi. Picha ya meno haipaswi kuwa tiketi ya kumwonea daktari. Daktari ndiye anayeuliza historia, anayeangalia mdomo, kisha anaamua kama kuna swali ambalo macho na vidole vyake vimeshindwa kulijibu. Hapo ndipo picha inapoingia.

Mambo mengi huonekana bila picha. Meno yenye madoa ya kahawia, yanayowapata watoto wengi wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine yenye madini mengi ya floridi kwenye maji, hutambuliwa kwa kuangaliwa na kwa kuuliza mtoto alikunywa maji gani alipokuwa mdogo. Mtoto wa miaka minne ambaye meno yake ya utoto yana nafasi kati ya jino na jino anaweza kukaguliwa pande zote kwa kioo kidogo na taa. Picha huwa na maana pale meno yanapogusana na tundu linaweza kujificha katikati.

Hata ukaguzi wa mara kwa mara hauna ratiba moja kwa watoto wote. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2012 na chama cha madaktari wa meno pamoja na mamlaka ya chakula na dawa unasema mtoto mwenye meno yanayooza mara kwa mara anaweza kuhitaji picha za kung'ata kila baada ya miezi 6 hadi 12, wakati mtoto mwenye meno salama anaweza kukaa miezi 12 hadi 24. Kwa hiyo mswaki wenye dawa ya floridi mara mbili kwa siku, na kupunguza soda, juisi za paketi na pipi, ni njia mojawapo ya kupunguza eksirei. Meno yasiyooza huhitaji picha chache.

Ziko pia hali ambazo kukataa picha ni kumkosea mtoto. Jino lililovimba usaha kwenye mzizi, jino lililovunjika kwa kuanguka na baiskeli, au jino la ukubwani ambalo halitaki kuota ilhali la upande wa pili limeshatoka, yote hayo huhitaji kuonekana ndani. Wapo pia watoto waliong'olewa vichipukizi vya chonge wakiwa wachanga kwa imani ya "meno ya plastiki." Kitendo hicho kinaweza kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake, na picha ndiyo itakayoonyesha kilichobaki. Mzazi asione aibu kumweleza daktari kama jambo hilo lilifanyika.

Kwenye waya, kila picha na kazi yake

Kwa watoto wanaotaka kuwekewa waya, picha ya taya zima humwonyesha mtaalamu meno ambayo bado hayajaota, yaliyopungua, yaliyozidi na yaliyolala vibaya. Picha ya kichwa kwa upande humsaidia kuona uhusiano wa taya la juu na la chini, hasa pale taya moja limetangulia au limebaki nyuma. Mtoto ambaye taya zake zimekaa sawa na tatizo lake ni meno kubanana kidogo, huenda asihitaji hiyo ya pili.

Zamani ilikuwa kawaida pia kupiga picha ya kiganja na kifundo cha mkono ili kujua kama mtoto bado anakua. Siku hizi mifupa ya shingo inayoonekana kwenye picha ya kichwa kwa upande inaweza kutoa jibu hilo, na picha moja ikaokolewa.

Jino linalosumbua zaidi ni chonge la juu. Mtoto akifikisha miaka 10 au 11, daktari anaweza kupapasa fizi kwa kidole juu ya jino la utoto na kuhisi uvimbe wa chonge linaloshuka. Likihisiwa pande zote mbili, ni dalili njema. Lisipohisiwa, au likihisiwa upande mmoja tu, kuna sababu ya kupiga picha, kwa kuwa chonge lililopotea njia linaweza kula mzizi wa jino la jirani kimyakimya bila mtoto kusikia maumivu.

Siku hizi kuna pia mashine za picha ya pande tatu, ambazo hospitali huziita CBCT. Zinaonyesha jino kutoka kila upande na zinamvutia mzazi zikionyeshwa kwenye kompyuta. Lakini mionzi yake ni mingi kuliko picha za kawaida. Inaweza kuanzia makumi ya maikrosivati hadi mamia kadhaa, na ikiwa mashine imewekwa kupiga kichwa kizima, inaweza kukaribia 1,000. Haifai kuwa picha ya kuanzia kwa kila mtoto wa waya. Inafaa pale kuna swali mahususi, kama kujua chonge lililokwama liko mbele au nyuma ya mizizi mingine. Hata hapo, mzazi anaweza kuuliza kama mashine itawekwa kupiga eneo dogo lenye tatizo pekee.

Ndani ya chumba cha picha

Picha inayorudiwa ni mionzi mara mbili kwa kazi moja, na sababu nyingi za kurudia huanzia kwenye maandalizi. Hereni, mkufu, miwani, vibanio vya nywele na pini za hijabu vitolewe, kwa maana chuma huacha kivuli juu ya meno. Kwenye picha ya taya zima mtoto hutakiwa kusimama bila kutikisika kwa sekunde 10 hadi 20 huku mashine ikimzunguka, na ulimi uwe umegusa kaakaa la juu. Mtoto anaweza kufanyishwa mazoezi nyumbani mbele ya kioo, kama mchezo wa sanamu. Mtoto mdogo anayelia na kurusharusha kichwa, ikiwa hakuna dharura, ni heri arudi siku nyingine kuliko kupigwa picha tatu zilizoharibika.

Mzazi asibaki chumbani bila sababu. Mtoto akihitaji mtu wa kumtuliza, daktari ataeleza nani akae na asimame wapi, na mama mjamzito asiwe huyo. Umbali ni kinga: mtu akisimama mara mbili zaidi mbali na chanzo cha mionzi, kinachomfikia hushuka hadi robo.

Upande wa mashine, kuna mambo mawili makubwa. La kwanza ni umbo la tundu ambalo miale hupitia kwenye picha ndogo za meno. Tundu la mstatili linalolingana na kifaa kilichomo mdomoni linaweza kupunguza mionzi kwa zaidi ya nusu likilinganishwa na lile la duara, kwa sababu miale haimwagiki pembeni kwenye shavu na shingo. La pili ni kifaa kinachopokea picha. Vya kidijitali na filamu za kasi huhitaji mionzi kidogo kuliko filamu za polepole za zamani. Ila vya kidijitali vina mtego wake: kwa kuwa picha hutokea papo hapo na haina gharama ya filamu, ni rahisi kusema "turudie kidogo." Mashine pia iwekwe kipimo cha mtoto. Kumpiga mtoto wa miaka saba kwa kipimo cha baba yake ni kumpa mionzi asiyoihitaji.

Wazazi wengi huuliza kuhusu lile vazi zito la risasi. Kwa miaka mingi lilikuwa alama ya usalama, na baadhi ya nchi na vituo bado vinalitaka. Lakini mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza kuacha kulitumia pamoja na kinga ya shingo, kwa sababu mashine za sasa zinalenga vizuri na vazi hilo linaweza kuziba sehemu ya picha na kulazimisha irudiwe. Mzazi akiona mtoto wake hajavikwa, asihitimishe kwamba kliniki ni ya hovyo. Aulize.

Mashine ina leseni?

Tanzania, usimamizi wa matumizi salama ya mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2003. Kenya ina mamlaka yake ya kudhibiti nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kituo chenye mashine ya eksirei kinatakiwa kuwa na leseni, na kuuliza kama ipo si utovu wa adabu. Umakini unahitajika zaidi pale mashine inaposhikwa mkononi kama kamera. Zipo zilizotengenezwa vizuri na kuidhinishwa, lakini mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu mashine za aina hiyo zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni bila kukaguliwa, ambazo zingeweza kumpa mgonjwa na mhudumu mionzi isiyo ya lazima.

Picha ya mtoto itunzwe kama kadi ya kliniki

Mzazi amelipia picha, hivyo aombe nakala. Kama ni ya kidijitali, aombe faili lenyewe kwenye flashi au barua pepe. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta hupoteza ubora, na huenda daktari mwingine akashindwa kuisoma. Kama ni filamu, ikae kwenye bahasha, mbali na joto na maji. Nyuma ya bahasha iandikwe tarehe, aina ya picha na sababu ya kupigwa. Familia ikihama au ikibadilisha kliniki, bahasha hiyo iende nayo.

Kisha yako maswali manne mafupi ya kumuuliza daktari kwa heshima: Picha hii itatuonyesha nini ambacho bado hatukijui? Je, jibu lake litabadilisha matibabu? Ya zamani haitoshi? Mashine imewekwa kipimo cha mtoto? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Mengi kati yake huwa ameshajiuliza mwenyewe.

Yule mama hakwenda chumba cha picha. Alimwambia mhudumu kwa upole, "Dada, samahani, naomba kwanza daktari aione hii tuliyo nayo." Daktari akaitundika kwenye taa, akaitazama kwa dakika nzima. Halafu akamwita msichana, akapapasa fizi yake ya juu kushoto, kisha kulia.

"Mama, hii inatosha kabisa, haturudii," alisema. "Ila chonge la kulia silisikii, na hapa naliona limelala. Nitaomba picha moja ndogo ya eneo hili tu, nijue limekaa upande gani."

Mama akauliza kama jibu hilo litabadilisha matibabu. Daktari akamweleza: likiwa mbele, litavutwa kwa njia moja, likiwa nyuma, kwa njia nyingine, na likiwa limeshaanza kula mzizi wa jirani, hakuna muda wa kupoteza. Mama akaitikia kwa kichwa, akamvua mwanawe hereni na kuzitia kwenye pochi.

Jioni ile bibi alipouliza mjukuu wake amepigwa picha ngapi, mama alijibu kwamba ni moja, na akaeleza ya nini. Bibi akaiomba bahasha, akaisogeza kwenye taa, akalitafuta lile jino.